Mgeni Asiyepewa Jembe: Shauri la Kukaa Muda Mrefu Ng'ambo



Sisi sote twaijua methali isemayo, Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wazee wetu hawakuisema kwa choyo. Walijua kwamba mgeni akikaa sana bila kazi huwa mzigo kwa mwenyeji wake, na moyo wake mwenyewe huona haya. Akishika jembe, hula jasho lake, naye huwa kama mtu wa nyumbani. Basi jambo ninalotaka kuwaelezeni leo ni hili: mtu anayekwenda nchi za mbali siku hizi kwa cheo cha mgeni, methali hiyo haimsaidii. Huko aendako, hata akikaa siku mia, hapewi jembe. Akilishika mwenyewe, amevunja sheria. Mtu asiyelijua jambo hili kabla ya kuondoka aweza kupoteza ng'ombe wake, fedha yake na heshima yake pia.

Natumaini wengi mnaonisikiliza huko Shinyanga, Kahama, Kishapu, Geita na Bukombe mna mtoto, ndugu au rafiki aliye ng'ambo, naye amewaita mkamtembelee. Na vijana wengi wameambiwa habari za nchi zenye mishahara mikubwa. Kwa hiyo tulifikiri shauri hili tangu mwanzo wake.

Kwanza tuwakumbuke wazee wetu, kwa maana safari ndefu si jambo geni katika nchi hii. Zamani za misafara, Wanyamwezi na Wasukuma walisifiwa katika Afrika ya Mashariki yote kwa uhodari wao wa kusafiri. Mpagazi alichukua mzigo wa frasila mbili hivi, yaani kilo 32 au zaidi kidogo, akaenda nao mwendo wa miezi 3 kutoka Unyamwezi mpaka pwani. Lakini watu hao hawakuondoka ovyo. Waliondoka wakati wa kiangazi, nao walitaka kurudi kabla ya majira ya kulima. Walijua kwamba watapita katika nchi za watemi wengi, na kila mtemi atataka hongo, ambayo ndiyo ada ya kupita. Tena walijua kwamba shanga zinazopendwa katika nchi hii hazipendwi katika nchi ile. Msafara uliochukua shanga za rangi isiyotakiwa uliweza kulala njaa katikati ya vyakula vingi.

Hata mgeni aliyekuja kwetu alifungwa na mambo hayo hayo. Mwingereza mmoja, John Hanning Speke, aliondoka Kaze, karibu na Tabora ya leo, tarehe 9 Julai 1858, akashika njia ya kaskazini katika nchi ya Usukuma. Tarehe 3 Agosti aliliona ziwa kubwa pale Mwanza. Lakini hakuweza kulizunguka wala kukaa, kwa sababu muda na bidhaa zake havikutosha. Tarehe 25 Agosti alikuwa amekwisha rudi Kaze. Ilimpasa kurudi tena Afrika kwa safari nyingine, ndipo mwaka 1862 akauona mto Nile unapotoka ziwani. Basi mambo matatu waliyoyajua wapagazi wetu, yaani majira, hongo na shanga, ndiyo mambo matatu ya msafiri wa leo: siku, hati na fedha. Majina yamebadilika, lakini shauri ni lile lile.

Sasa turudi kwenye jembe. Jembe ni chombo tunachokijua sana. Mafundi wa Kirongo katika nchi ya Buzinza, ambayo sehemu yake kubwa leo imo katika Mkoa wa Geita na Wilaya ya Sengerema, waliyeyusha chuma na kufua majembe yaliyouzwa Usukuma na Unyamwezi kote. Majembe hayo yalitumika kulimia, tena yalitolewa katika mahari na kubadilishwa kwa mali nyingine kama fedha. Kumpa mgeni jembe, basi, kulikuwa ni kumpa njia ya kupata riziki. Na hiyo ndiyo sababu mataifa ya leo hayampi. Kila nchi huona kwamba njia za riziki ni haki ya wenyeji kwanza, na mgeni akizitaka sharti aombe kwa mlango mwingine.

Msidhani kwamba hayo ni ukatili wa mataifa ya ng'ambo peke yao. Sisi wenyewe twafanya vivyo hivyo. Dhahabu ya Geita iligunduliwa mwaka 1898 katika utawala wa Wajerumani, na mgodi mkubwa wa sasa ulianza kutoa dhahabu mwaka 2000. Tangu hapo wageni wengi wamekuja kwetu. Lakini mgeni aliyeingia Tanzania kwa viza ya kutembea hapewi kazi mgodini. Kwa sheria ya mwaka 2015 sharti apate kibali cha kazi, na juu yake kibali cha ukaazi. Kibali cha ukaazi kina madaraja matatu: daraja A ni la wenye mitaji, daraja B ni la walioajiriwa, na daraja C ni la wengine, kama wanafunzi na wamisionari. Leseni ya uchimbaji mdogo wa madini ni ya raia. Na mwezi wa Julai 2025 Serikali ilitangaza aina 15 za biashara ambazo asiye raia haruhusiwi kuzifanya, na uchimbaji mdogo ni mojawapo. Basi mtu wa Geita anayefurahi kwamba shimo lake dogo la dhahabu limelindwa asishangae akienda nchi ya watu akakuta kazi ya kuosha vyombo hotelini imelindwa pia.

Pana mlango wa mgeni na mlango wa mfanyakazi. Dakta John Williamson wa Kanada, mtaalamu wa miamba, hakuja katika nchi hii kutembea. Alikuja kufanya kazi ya madini, akatafuta kwa shida nyingi, na mwaka 1940 akaipata almasi ya Mwadui karibu na Shinyanga. Alikaa Mwadui mpaka kufa kwake mwaka 1958. Huyo aliingia kwa mlango wa kazi, akashika jembe lake mchana mbele ya watu wote. Anayetaka kufanya kazi ng'ambo na afuate mfano huo: aombe kibali cha kazi akiwa bado nyumbani, akiwa na mkataba mkononi, naye aulize kwanza kwa ofisi ya Serikali inayoshughulikia huduma za ajira. Akiambiwa na mtu, "Ingia kwanza kama mgeni, kazi utaipata huko huko," na ajue kwamba anaongozwa shimoni. Mgeni afanyaye kazi kwa siri akinyimwa mshahara hana pa kushtaki kwa urahisi, kwa maana akienda kushtaki amejishtaki mwenyewe. Akiumia kazini, huogopa hata kusema alipoumia. Kijana aliyeuza kiwanja cha babaye apate nauli ya safari ya namna hiyo hajanunua kazi, amenunua hofu.

Basi tuseme yuko mzee mmoja wa Kahama, mkulima wa pamba na mfugaji. Binti yake ameolewa Uingereza, amejifungua mtoto, naye amempigia simu babaye akisema, "Baba, njoo ukae nasi, umwone mjukuu wako." Mzee ana afya, na moyo wake wataka kwenda. Afanye shauri gani?

Jambo la kwanza ni kuzihesabu siku. Asiseme tu, "Nitakaa mpaka nichoke." Na atazame kalenda ya shamba lake. Pamba huvunwa na kuuzwa katikati ya mwaka. Mvua za kupandia hutazamiwa kuanzia Novemba. Akiondoka tarehe 1 Julai na kurudi tarehe 28 Oktoba, atakuwa ametoka siku 120, na atafika nyumbani kabla ya kupanda. Tena miezi hiyo baridi ya Uingereza haijawa kali sana kwa mtu wa Usukuma, ingawa Oktoba atahitaji koti zito. Mgeni wa kawaida huruhusiwa kukaa Uingereza hadi miezi 6. Kwa hiyo siku zake 120 zimo ndani ya ruhusa, na zimebaki siku za akiba kama akiugua au ndege ikikosekana.

Lakini nchi hazifanani katika kuhesabu. Katika Ulaya bara pana nchi 29 zilizofanya umoja wa mipaka uitwao Schengen. Huko mgeni hukaa siku zisizozidi 90 katika kila siku 180. Siku ya kuingia huhesabiwa, na siku ya kutoka huhesabiwa pia. Wako watu waliodhani kwamba wakikaa siku 90, kisha wakatoka juma moja na kurudi, watapewa siku 90 nyingine. Sivyo. Aliyekaa siku 90 mfululizo sharti akae nje siku 90 kabla ya kurudi. Tena nchi 29 huhesabiwa kama nyumba moja. Kutoka Ufaransa kwenda Ujerumani si kutoka nje, ni kuhama chumba.

Katika jumuiya yetu ya Afrika Mashariki mambo ni mepesi zaidi. Tangu mkataba wa soko la pamoja ulipoanza kutumika mwaka 2010, Mtanzania aendaye Kenya, Uganda au Rwanda kwa matembezi hahitaji viza, naye aweza kupewa ruhusa ya kukaa hadi miezi 6. Walakini hiyo nayo ni ruhusa ya kukaa. Kazi ina taratibu zake.

Na popote aendapo, msafiri asome mambo mawili kwa macho yake mwenyewe: tarehe ya mwisho iliyoandikwa katika viza, na idadi ya siku alizopewa mpakani. Viza yaweza kusema miezi mingi, lakini afisa wa mpakani akampa siku chache zaidi. Tena pana nchi ambako mwisho wa viza ndio mwisho wa kukaa, hata kama msafiri alichelewa kuondoka kwao. Mtu aliyepata viza ya miezi 6 na kuketi nyumbani miezi 2 akingojea bei ya pamba, aweza kukuta amebakiwa na miezi 4 tu. Siku za mgeni ni deni lenye tarehe ya kulipwa. Akichelewa kurudi, huenda akakataliwa kuingia tena kwa miaka kadhaa, na mjukuu wake atakua bila kumwona.

Jambo la pili ni hati. Pasipoti mpya ya Tanzania, iliyoanza kutolewa mwaka 2018 kwa ada ya shilingi 150,000, hudumu miaka 10. Maombi yake huanza kwa mtandao wa Idara ya Uhamiaji, kisha mwombaji huenda ofisini na karatasi zake: cheti cha kuzaliwa, kitambulisho cha taifa, ushahidi wa uzazi wa baba au mama, na picha. Hapa ndipo wazee wengi hukwama. Mzee wetu alizaliwa kijijini, hakuandikishwa. Basi aanze mapema katika ofisi ya Wilaya, ambako vizazi huandikishwa, hata vizazi vya zamani.

Shida ya pili ni majina. Mtu wa kwetu aweza kuwa na jina alilopewa na babu, jina la ubatizo au la dini, na jina la ukoo, naye hutumia moja shuleni, jingine kwenye chama cha ushirika, na jingine kwenye kitambulisho. Nyumbani hakuna anayeshangaa. Lakini afisa wa ubalozi akiona majina matatu hufikiri ni watu watatu. Ni lazima majina yalingane, herufi kwa herufi, katika karatasi zote. Kama hayalingani, na yasawazishwe kwa hati ya kiapo au kwa njia nyingine ya sheria kabla ya kuomba viza, wala si baada ya kukataliwa.

Tena na atazame kwamba pasipoti yake haikaribii mwisho. Nchi nyingi hutaka iwe imebakiwa na miezi 6. Nchi kadhaa hutaka pia cheti cha chanjo ya homa ya manjano. Chanjo hiyo huhesabiwa kuwa na nguvu baada ya siku 10, na tangu Julai 2016 cheti chake hutosha kwa maisha yote. Basi asiende kuchanjwa usiku wa kuamkia safari.

Jambo la tatu ni fedha, na hili nataka mlisikilize sana, kwa kuwa linatuhusu sisi wa mikoa hii kuliko wengi. Mzee wetu ana ng'ombe 80. Kijijini yeye ni tajiri, na neno lake husikilizwa. Lakini ng'ombe hawasomeki katika karatasi za benki. Ubalozi hauoni zizi, huona hesabu. Aghalabu mwombaji hutakiwa kuonyesha hesabu yake ya benki ya miezi 6 hivi iliyopita. Mzee akiuza ng'ombe 6 mnadani kwa siku moja, akaipeleka fedha yote benki, na juma lijalo akaomba viza, afisa ataona nini? Ataona hesabu iliyokuwa tupu miezi 5, kisha ikajaa ghafula. Atafikiri kwamba fedha hiyo imeazimwa ili kumdanganya yeye. Basi mzee mkweli atakataliwa kama mwongo, kwa sababu tu hakupanga mambo yake mapema.

Dawa yake ni hii. Aanze mwaka mmoja kabla. Fedha ya pamba ipitie benki, na stakabadhi za chama cha ushirika ziwekwe. Ng'ombe wauzwe mmoja mmoja au wawili wawili, na karatasi za mnada zisitupwe. Apate barua ya serikali ya kijiji inayosema yeye ni mkazi, ana shamba na mifugo. Barua kama hiyo ina faida mbili: inaonyesha fedha ilikotoka, tena inaonyesha kwamba mzee ana sababu ya kurudi nyumbani. Hiyo ya pili ndiyo afisa anayoitafuta zaidi.

Na wewe mchimbaji wa Geita, usifikiri kuchukua dhahabu yako katika pindo la nguo, uiuze huko ng'ambo. Kupeleka madini nje bila kibali ni kosa. Mwezi wa Machi 2019 soko la dhahabu lilifunguliwa Geita, la kwanza la namna yake nchini. Uza hapo, pokea stakabadhi, na uweke fedha benki. Dhahabu isiyo na karatasi ni kama shanga za rangi isiyotakiwa: ina thamani kwako, lakini haikupi chakula uendako.

Kisha mzee apige hesabu ya matumizi. Atalala na kula kwa bintiye. Hilo ni jema, lakini si mwisho wa gharama. Tuseme kwa siku atatumia paundi 10 tu kwa nauli ya basi, simu na vitu vidogo. Mara siku 120, hiyo ni paundi 1,200. Ongeza nauli ya kwenda na kurudi, ada ya viza, bima, nguo za baridi, na safari ya kufika Dar es Salaam kutoa alama za vidole. Halafu atenge akiba isiyoguswa, inayotosha kubadili tarehe ya ndege na kurudi mara moja. Nitaieleza sababu yake baadaye. Na kwa kuwa hatapewa jembe, fedha hiyo yote sharti iwe imepatikana kabla ya kuondoka, ama mkononi mwake, ama kwa ahadi ya kweli ya mwenyeji wake iliyoandikwa.

Jambo la nne ni afya. Bima ya hapa nyumbani kwa kawaida haikuwekwa kwa hospitali za ng'ambo. Uingereza, mgeni akilazwa katika hospitali za serikali aweza kudaiwa asilimia 150 ya gharama iliyowekwa. Nchi za Schengen hazitoi viza mpaka mwombaji aonyeshe bima ya matibabu isiyopungua euro 30,000. Basi bima ya safari si anasa. Pia mzee mwenye shinikizo la damu au kisukari na achukue dawa za kutosha siku zake zote, katika chupa na pakiti zake zenye majina, pamoja na barua ya daktari.

Jambo la tano ni nyumba anayoiacha. Wapagazi waliacha mashamba yao mikononi mwa wake zao na ndugu zao, na kila mmoja alijua zamu yake. Mzee na aandike, mbele ya mashahidi, ni nani atakayetunza ng'ombe, ni wangapi, na ni nani awezaye kuuza mmoja ikitokea shida. Madeni yalipwe au yaandikwe. Mke wake aambiwe kila kitu, na hati za shamba ziwe mahali anapopajua. Ugomvi mwingi huzaliwa si kwa sababu ya wizi, ila kwa sababu mwenye mali aliondoka na maneno yake kichwani.

Na hapa ndipo mahali pa ile akiba isiyoguswa. Msiba haungoji mtu arudi. Mzee akisikia kwamba kaka yake amefariki, naye hana nauli ya kurudi kabla ya siku yake, atalia chumbani peke yake katika nchi isiyomjua marehemu. Aliyewahi kuona huzuni hiyo hawezi kumshauri mtu asafiri bila akiba.

Neno la mwisho ni juu ya adabu ya kukaa. Huko kwa bintiye mzee atataka kusaidia, kwa maana mkono wa mkulima hauzoei kulala. Kumbeba mjukuu, kumtembeza bustanini, kupika ugali siku ya Jumapili, hayo ni mapenzi ya jamaa, wala hakuna atakayemkataza. Lakini jirani akimwambia, "Mzee, nisaidie kulea wangu pia, nitakulipa," hapo jembe limeletwa mlangoni. Alikatae kwa upole. Vivyo hivyo akiulizwa na afisa mpakani, aseme kweli yote: amekuja kumwona mjukuu, atakaa siku 120, atarudi kupanda. Uongo katika maombi ya viza ya Uingereza huweza kumfungia mtu mlango kwa miaka 10. Na wale madalali wanaouza barua za uongo za benki na za waajiri hawafungiwi mlango wowote. Anayefungiwa ni yule mwenye jina lililoandikwa.

Ndugu wasikilizaji, methali ya jembe haikufa, imegeuka tu. Zamani mwenyeji ndiye aliyempa mgeni jembe siku ya tatu. Leo mgeni sharti alime kwanza kwao, avune, auze, aandike, ahesabu, ndipo aondoke na mavuno yake yawe chakula cha siku zake zote. Mwenye kufanya hivyo aweza kukaa siku 120 katika nyumba ya mwanawe na kichwa chake kiko juu. Na mvua za Novemba zikianguka, jembe lake atalikuta nyumbani pale alipoliacha, nalo ni lake bila kibali cha mtu.